Mtoto wa Kiume Naye Abebe Ndoo

Watu wengi wakisikia maneno "usawa wa wanawake na wanaume" hudhani ni maneno ya mikutanoni. Hudhani ni mambo ya mjini, ya watu wa maofisini. Lakini usawa ni jambo la afya, nao huanzia nyumbani, kwenye ndoo ya maji. Leo katika ukurasa wetu wa afya tutazungumza juu ya watoto wetu wa kiume, tangu wale wanaoanza shule mpaka vijana wanaoota ndevu. Tutaona namna wanavyoweza kulinda afya ya mama zao na dada zao, na baadaye ya wake zao.

Kwanza tuipime hiyo ndoo.

UZITO WA NDOO

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Ndoo kubwa tunayotumia huchukua lita 20. Kwa hiyo mtu anayejitwika ndoo hiyo anabeba kilo 20 kichwani, bila kuhesabu uzito wa ndoo yenyewe. Akienda kisimani mara tatu kwa siku amebeba kilo 60. Kwa siku mbili amebeba kilo 120. Huo ni uzito unaopita gunia la mahindi la kilo 100. Maji hayo yanakunywewa na kuogwa, yanakwisha, na siku ya tatu anaanza tena.

Nani anayebeba? Tuchukue mfano wa nyumba moja. Tuseme katika nyumba hiyo yumo baba, na mama mwenye mimba ya miezi saba. Yuko binti wa miaka 11 anayesoma darasa la tano, na mvulana wa miaka 13 anayesoma darasa la saba. Yuko pia mtoto mdogo wa miaka mitatu.

Saa kumi na moja alfajiri mama ameamka. Anawasha moto, anateka maji, anafagia uwanja. Binti anaamka naye. Anaosha vyombo vya jana, anapika uji, anamwogesha mdogo wake. Saa kumi na mbili na nusu mvulana anaamka. Anakuta maji ya kunawa yapo, uji upo, shati limefuliwa. Anakunywa uji na kwenda shule mapema. Dada yake anafika kengele imekwisha kulia, naye anaadhibiwa kwa kuchelewa. Darasani anasinzia. Mwisho wa mwaka watu husema, "Watoto wa kike hawana akili ya masomo."

Mvulana huyu si mtoto mbaya. Hakuna mtu aliyemwambia abebe ndoo, naye hakuona baba yake akiibeba. Mtoto hufuata anachokiona.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lililitaja jambo hili wazi. Lilieleza kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi kupita watu wengine wote nchini, na kwamba wanaume wengi wa vijijini huwa kama watu walio likizoni nusu ya maisha yao. Tangu hapo miaka mingi imepita. Vijiji vingi vimepata mabomba na visima vya pampu. Hata hivyo, nenda bombani asubuhi ukatazame foleni. Utawaona akina mama na mabinti.

Tena kuna jambo la kushangaza. Maji yakiwa ya kuuza, wanaume huyabeba. Hufunga madumu manne au sita kwenye baiskeli na kuyasukuma mlimani, jasho likiwatoka, wala hawaoni haya. Maji hayohayo yakiwa ya kunywa nyumbani, huambiwa ni kazi ya wanawake. Basi shida si kwamba mwanamume hawezi kubeba maji.

KAZI NZITO NA MIMBA

Mwanamke mwenye mimba anatumia nguvu nyingi hata akiwa amekaa. Mwili wake unajenga mwili wa mtoto. Unatengeneza damu zaidi, na moyo wake unafanya kazi zaidi kuliko siku nyingine. Chakula anachokula ni cha kumtosha yeye na mtoto. Lakini akibeba maji, kuni na jembe kutwa nzima, sehemu kubwa ya chakula hicho huishia kwenye kazi.

Kubeba mizigo mizito na kusimama muda mrefu kila siku huongeza uwezekano wa mtoto kuzaliwa kabla ya miezi yake kutimia, au kuzaliwa mdogo. Mtoto anayezaliwa na uzito wa chini ya kilo 2 na nusu huitwa mtoto mwenye uzito mdogo. Mtoto wa namna hiyo hushikwa na baridi upesi, huugua kwa urahisi, na wengine hufa katika siku za mwanzo. Kama mama ana upungufu wa damu, hatari ni kubwa zaidi. Hata akitokwa na damu kidogo tu wakati wa kujifungua, anaweza kupoteza maisha.

Ndiyo maana muuguzi wa zahanati humpa mama vidonge vya kuongeza damu, kisha humwambia, "Mama, upumzike." Mama anaitikia, lakini moyoni anacheka. Akipumzika, nani atakwenda kisimani?

Hapo ndipo tunapomtazama mvulana wetu wa darasa la saba.

Ana miguu, ana mikono, ana shingo. Akienda kisimani mara mbili kabla ya shule na mara moja jioni, mama anapata saa nzima au zaidi ya kukaa. Dada yake naye anawahi shule. Hiyo ni dawa isiyonunuliwa dukani.

Baada ya kujifungua msaada unahitajika bado. Mama akibeba mizigo mizito mapema, viungo vya chini vinavyoshikilia mji wa mimba vinaweza kulegea, na mji wa mimba ukashuka. Ugonjwa huu huumiza na kuaibisha, na wanawake wengi huuficha. Wazee wetu walijua kwamba mzazi anahitaji kupumzika, na ndiyo maana mahali pengi mzazi huwekwa ndani siku 40. Lakini katika nyumba nyingi siku hizo 40 humwangukia binti. Anaachishwa shule ili afanye kazi za mama yake. Kazi zikigawanywa kati ya binti na kaka yake, hakuna atakayekosa shule.

Tunaomba jambo moja hapa. Mvulana naye ni mtoto. Asibebeshwe kupita nguvu zake. Mtoto wa miaka saba, wa kiume au wa kike, apewe kidumu cha lita tatu au tano. Ndoo ya lita 20 ni ya kijana mkubwa.

"AMELISHWA LIMBWATA"

Tunajua yatakayosemwa. Mvulana akionekana anaosha vyombo, wenzake watamcheka. Watamwita mwanamke. Bibi yake atauliza kama hakuna watoto wa kike nyumbani. Mwanamume mzima akimsaidia mkewe, majirani watanong'ona kwamba amelishwa limbwata.

Lakini tufikiri vizuri. Wavuvi wakiwa dago hupika wenyewe. Wachoma mkaa wakiwa porini hupika wenyewe. Katika Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963, vijana wa kiume hupika, hufua na hufagia, na hakuna anayesema wamekuwa wanawake. Mahali ambapo mwanamke hayupo, mwanamume anajua kupika. Anasahau anapofika nyumbani!

Isitoshe, kijana anayejua kupika ni salama. Mke wake akilazwa hospitali, watoto wake hawatalala njaa. Akienda kutafuta kazi mjini, hatamaliza mshahara wake kwa kununua chakula cha barabarani. Na akikaa jikoni siku moja akisikia moshi unavyochoma macho na kifua, ataelewa kwa nini mama anakohoa. Huenda siku ya pili akatoboa dirisha la jiko, au akajenga jiko la udongo linalotumia kuni chache. Sisi tunaamini majiko mengi yangekwisha kupata madirisha zamani kama wanaume wangekuwa wanapika humo.

MCHEZO WA KOKOTO

Utawaanzaje watoto? Hotuba haisaidii sana. Jaribu mchezo huu jioni, watu wote wa nyumba wakiwa pamoja, na baba awemo.

Chora duara chini kwa kila mtu wa nyumba: baba, mama, binti, mvulana. Kusanya kokoto. Kisha mtaje kazi zote za siku ile, moja moja, tangu alfajiri. Nani aliwasha moto? Mtieni kokoto moja. Nani aliteka maji mara ya kwanza? Kokoto nyingine. Nani alilima, nani alichunga mbuzi, nani alimbeba mtoto, nani alikwenda kusaga? Msisahau kazi ndogo ndogo. Mkimaliza, kila mtu ahesabu kokoto zake.

Usiseme neno. Waache watoto watazame.

Halafu mwulize mvulana: "Katika kokoto za mama, ni zipi unazoweza kuzichukua wewe?" Achague mwenyewe mbili au tatu. Kazi aliyoichagua ataifanya kwa moyo kuliko aliyopewa kama adhabu. Hili ni muhimu. Wazazi na walimu wengine humwadhibu mvulana kwa kumwambia akaoshe vyombo au akafagie "kama msichana". Kwa kufanya hivyo wanamfundisha kwamba kazi ya dada yake ni aibu.

Baba naye achukue kokoto yake. Mvulana hataendelea kubeba ndoo ikiwa baba anakaa kivulini akingoja maji ya kuoga.

Shuleni mwalimu anaweza kufanya hivyohivyo. Katika baadhi ya shule wasichana ndio wanaofagia madarasa na kuteka maji ya walimu. Zamu ziandikwe ubaoni, wavulana na wasichana sawasawa, na kuosha choo kuwemo.

Mambo haya yamejaribiwa katika nchi nyingine. Huko India, katika mji wa Mumbai, shule za manispaa zilianza mwaka 2008 kuwafundisha wavulana na wasichana wa miaka 12 hadi 14 kwa pamoja. Walijadili mgawanyo wa kazi, heshima na kuacha kupigana. Baada ya masomo hayo, watoto wengi zaidi kuliko mwanzo walisema msichana asiolewe kabla ya miaka 18, na wavulana walishiriki zaidi kazi za nyumbani. Watoto hao walisaidiwa kwa mazungumzo na michezo, wakiwa bado wadogo.

WASICHANA WAKICHEKWA DARASANI

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wazazi wengi huona haya kulisema mbele ya watoto wa kiume. Ni hedhi.

Msichana akifikia umri wa kuvunja ungo, kila mwezi mji wake wa mimba hujitayarisha kupokea mimba. Mimba isipotungwa, utando uliotayarishwa hutoka pamoja na damu kidogo kwa siku tatu mpaka saba. Hedhi si ugonjwa wala uchafu. Msichana hakutenda kosa lolote. Bila hedhi hakuna hata mmoja wetu ambaye angezaliwa.

Wavulana hawaambiwi haya. Wanachojua ni doa kwenye sketi. Siku wakiliona hucheka, na darasa zima hugeuka kutazama. Msichana anakwenda nyumbani akilia. Mwezi unaofuata, siku zake zikikaribia, anabaki nyumbani. Akikosa siku nne kila mwezi, kwa miezi tisa ya masomo amekosa siku 36. Hizo ni zaidi ya wiki saba za shule, na sehemu ya hasara hiyo imeletwa na kicheko.

Mvulana aliyeelezwa hacheki. Humpa dada yake sweta ajifunge kiunoni, akanyamaza. Tena kijana anaweza kufanya kazi kubwa zaidi ya kunyamaza. Choo cha wasichana chenye mlango unaofungwa na maji ya kunawa huhitaji mafundi. Wavulana wa darasa la saba wanaweza kubeba mchanga na maji ya ujenzi. Hiyo pia ni ndoo.

Nani amweleze mvulana? Mama anaweza, mwalimu anaweza. Baba au kaka mkubwa afaa zaidi, kwa sababu mvulana mwenyewe ana maswali yake. Kati ya miaka tisa na 14 mwili wake huanza kubadilika. Baadaye sauti huwa nzito, na usiku anaweza kuota ndoto akaamka nguo zimelowa mbegu. Wengine huogopa, wakadhani wameugua. Mwambie si ugonjwa, bali mwili unakua. Mwambie pia kwamba tangu sasa anaweza kumpa msichana mimba. Mvulana aliyejibiwa vizuri juu ya mwili wake mwenyewe atasikiliza pia habari za mwili wa msichana.

Mahali penye jando, wazee wanayo nafasi nzuri sana. Jandoni kijana husikiliza kuliko shuleni. Akifundishwa pale kwamba mwanamume ni yule anayemwacha msichana asome, neno hilo atalibeba maisha yake yote. Akifundishwa kwamba mwanamume ni yule anayewapata wasichana wengi, atalibeba vilevile.

Vijana wa sekondari waambiwe sheria bila kufichwa. Tangu mwaka 2016 sheria ya elimu ya Tanzania inakataza kumwoa au kumpa mimba mwanafunzi, na adhabu yake ni kifungo cha miaka 30. Waambiwe na hatari zenyewe. Msichana ambaye nyonga zake hazijakomaa anaweza kushindwa kujifungua kwa njia ya kawaida. Mtoto anaweza kufa, na mama akabaki na fistula, yaani tundu linalovujisha mkojo au kinyesi bila kuzuilika. Fistula hutibiwa kwa upasuaji, lakini ni heri isitokee. Na msichana aliyekwisha kuzaa asizomewe. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu arudi katika shule ya kawaida, na wavulana wa darasa lake ndio watakaomfanya abaki au akimbie.

MAMBO MAWILI YA KUMWAMBIA KIJANA

Kwanza, jinsia ya mtoto hutokana na mbegu ya baba. Yai la mama ni la namna moja tu kwa jambo hili. Mbegu za baba ni za namna mbili: moja huleta mtoto wa kike, nyingine mtoto wa kiume. Ikitangulia hii au ile, ndivyo mtoto atakavyokuwa. Wanawake wangapi wamefukuzwa kwa "kosa" la kuzaa mabinti watupu? Kijana anayelijua hili kabla ya kuoa hatamfukuza mtu.

Pili, kipigo. Mtoto anayemwona baba akimpiga mama hupata hofu, hulala vibaya, na masomo humshinda. Wengine hukua wakifanya hivyohivyo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema hakuna mtu mwenye haki ya kumpiga mume au mke wake. Watu wengi hawajui kwamba sheria hiyo ina umri huo wote. Mvulana asiingie kati ya watu wazima wanaopigana, kwa maana ataumia. Akimbie kumwita jirani, mjumbe wa shina au mtendaji wa kijiji.

KIJANA AZIJUE DALILI ZA HATARI

Turudi kwenye ile nyumba yetu ya mfano. Mimba sasa ina miezi minane. Baba amekwenda mnadani kuuza mbuzi. Jioni mama anasema kichwa kinamwuma sana na macho yanaona kiwi. Uso na mikono imevimba. Nyumbani yuko binti, mtoto mdogo na mvulana wa miaka 13.

Katika nyumba nyingi mvulana wa namna hiyo angetoka nje, kwa sababu ameambiwa mambo ya uzazi si yake. Angengoja baba arudi. Lakini dalili hizo ni za kifafa cha mimba, na kifafa cha mimba hakingoji.

Kwa hiyo kijana afundishwe. Mama mwenye mimba apelekwe zahanati au kituo cha afya mara moja akiona mojawapo ya mambo haya: anatokwa na damu, kichwa kinauma sana au haoni vizuri, uso na mikono vimevimba, anapatwa na degedege, ana homa kali, tumbo linamwuma sana, chupa imepasuka kabla ya siku zake, au mtoto ameacha kucheza tumboni. Baada ya kujifungua, damu nyingi isiyokatika ni hatari vilevile.

Kijana ajue pia kadi ya kliniki imewekwa wapi, fedha za nauli zimewekwa wapi, na ni jirani gani mwenye simu. Amjue dereva wa bodaboda anayekubali kuamshwa usiku, au mwenye mkokoteni ikiwa bodaboda hakuna. Baba amwonyeshe haya yote kabla hajasafiri, akiwa pamoja na dada yake. Binti akibaki ameshika mkono wa mama, mvulana awe amekwisha kufika kwa jirani.